Je, Wajua? Transfoma ya nguzoni Karen na mrithi wake asiyetumia mafuta

Je, wajua kwamba ule mvumo unaosikika chini ya transfoma, usiku barabara za mtaa wa Karen, Nairobi, zikishatulia na mbwa wa jirani wakishachoka kubweka, una mitetemo 100 kwa sekunde? Stima ya Kenya huenda kwa masafa ya hezi 50, na chuma kilicho ndani hujinyoosha kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho kila mkondo unapofika kilele, mara upande huu na mara upande ule. Hamsini mara mbili. Anayesema transfoma ya mtaa wao inalia hajakosea.

Kile kisanduku cha kijivu hupokea volti 11,000 kutoka nyaya za juu na kutoa 415 kwa awamu tatu, ambazo kwenye soketi ya jikoni ni 240. Hakina kinachozunguka ndani wala programu ya kukiongoza. Ni chuma, shaba au alumini, karatasi na mafuta. Wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, ndio waliokipa umbo hilo mwaka 1885. Vifaa vimeboreshwa sana tangu hapo. Wazo ni lile lile.

Mwaka 1908, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar na kuipeleka Mombasa. Mwaka uo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kusambaza stima Nairobi. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana 1922 na kuwa East African Power and Lighting, ambayo ilibadili jina 1983 na kuwa Kenya Power and Lighting. Kwa hivyo tokeni unayonunua kwa simu leo ina nasaba inayofika hadi Unguja.

Je, wajua kwamba transfoma hula stima hata nyumba zote zikiwa zimelala? Kiini chake cha chuma lazima kitiwe sumaku na kuvuliwa saa zote 24, awepo mtumiaji au asiwepo. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni, zilizoanza kutumika 2021, kwamba transfoma ya mafuta ya kVA 100 isipoteze zaidi ya wati 130 kwa njia hiyo. Ni kidogo? Zidisha kwa saa za mwaka mzima: yuniti 1,139. Sasa tazama Karen, viwanja vikubwa, nyumba chache kwa kila transfoma, na nyingi kati ya hizo zina watu wawili na mtunza bustani mchana kutwa. Chuma hakijali. Kinavuma tu.

Dawa ya ulaji huo ipo tayari na haihitaji elektroniki. Ni chuma kilichopozwa ghafla kikiwa kimeyeyuka, kabla chembe zake hazijapata nafasi ya kujipanga, kikatoka utepe wa milimita 0.025 hivi, karibu moja ya kumi ya unene wa bamba la kawaida la transfoma. Hasara ya bure hupungua kwa zaidi ya nusu. Nakitaja mapema kwa sababu kila mara teknolojia mpya inaposifiwa, mshindani wake halisi huachwa nje ya ulinganisho: ile ya zamani iliyotengenezwa vizuri.

Kwa nini transfoma ni nzito? Kwa sababu hezi 50 ni mwendo wa pole. Kila nusu ya wimbi huchukua sekunde 0.01, na muda wote huo chuma lazima kibebe sumaku bila kushiba. Ukiongeza kasi, kila wimbi linabeba mzigo mdogo na chuma kinachohitajika kinapungua. Ndege hutumia hezi 400 kwa sababu hiyo hiyo. Ukifika hezi 20,000, hesabu ya karatasini inasema eneo la mkato wa kiini linaweza kugawanywa kwa 400.

Hesabu ya karatasini, nimesema. Kihami kinachotenganisha volti 11,000 na soketi ya mteja hakipungui kwa sababu masafa yameongezeka, na joto lote sasa linatoka kwenye kitu kidogo zaidi. Wabunifu wengi wa transfoma za elektroniki, zile zinazoongeza masafa kwa swichi, huanza na ndoto ya kifaa cha kubeba mkononi na kumaliza na kabati.

William McMurray, mhandisi wa General Electric nchini Marekani, aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1968 na kuipata 1970. Badala ya kuingiza mkondo wa hezi 50 moja kwa moja kwenye chuma, ukatekate kwanza kwa swichi za elektroniki, uupitishe kwa masafa ya juu katika transfoma ndogo, kisha uurudishe ulivyokuwa. Swichi za zama zake hazikuweza kazi hiyo kwa volti za nguzoni. Wazo likakaa kwenye makabrasha kwa miongo kadhaa.

Likazinduka lini? Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha North Carolina State kilianzisha kituo cha utafiti kiitwacho FREEDM kwa fedha za serikali ya Marekani, na 2011 jarida la MIT Technology Review likaitia transfoma hiyo katika orodha yake ya teknolojia kumi chipukizi. Orodha za namna hiyo huwa na haraka kuliko mafundi.

Umbo linalopendwa siku hizi lina hatua tatu. Mkondo geu wa volti 11,000 unafanywa mkondo mnyoofu. Mkondo mnyoofu huo unakatwa kwa kasi, unavuka transfoma ndogo na kunyooshwa tena ukiwa na volti ya chini. Mwishoni inveta inaurudisha kuwa mkondo geu wa hezi 50 kwa ajili ya friji na pasi. Hapo ndipo ubunifu wa ufanisi unapoanza kuuma, kwa sababu hasara haziulizani. Kila hatua inachukua yake. Hatua tatu zenye ufanisi wa asilimia 99 kila moja, ambao ni ufanisi wa kujivunia, zinakuacha na asilimia 97. Transfoma nzuri ya mafuta hufikisha 99 peke yake, ikiwa juani, mvuani na bila feni.

Je, wajua kwamba kuna waliokaa chini wakapima jambo hili bila upendeleo? Jonas Huber na Johann Kolar wa chuo cha ETH Zürich walilinganisha, mwaka 2014, transfoma ya kawaida ya kVA 1,000 na ya elektroniki ya ukubwa huo huo, zote zikitoka volti 10,000 hadi 400, jirani kabisa na zetu. Matokeo: ile ya elektroniki iligharimu angalau mara tano, ikapoteza karibu mara tatu, ikawa na uzito ule ule. Ilichopunguza ni nafasi, chini kidogo ya asilimia 80 ya ile ya kawaida. Kama ningeishia hapa, makala hii ingekuwa fupi.

Lakini wakageuza swali. Itakuwaje kama anayengoja upande wa chini hataki mkondo geu, anataka mnyoofu? Sasa mfumo wa zamani unalazimika kuongeza kibadilishi chake baada ya transfoma, na wa elektroniki unafuta hatua yake ya mwisho. Meza ikapinduka: hasara za elektroniki zikawa nusu ya zile za mfumo wa kawaida, ukubwa na uzito theluthi moja. Bei bado iko juu, ila pengo limepungua sana.

Basi tuhesabu nani anataka mkondo mnyoofu Karen. Paneli za sola juu ya paa hutoa huo. Betri ya akiba iliyonunuliwa baada ya stima kupotea wikendi nzima hula na kutoa huo huo. Gari la umeme, taa za LED, kompyuta, simu, ruta ya intaneti: zote ndani ni mkondo mnyoofu. Jua linapoingia kwenye betri ya gari kupitia waya za nyumba, huwa limegeuzwa kuwa mkondo geu kwenye inveta na kugeuzwa tena kwenye chaja. Mara mbili, na kila mara joto linatoka.

Kanuni za Kenya za mwaka 2024 zinamruhusu mwenye sola kurudisha ziada kwenye gridi, hadi mfumo wa megawati 1, na kuhesabiwa nusu ya kila yuniti anayotuma. Transfoma ya chuma hupitisha ziada hiyo kurudi juu bila kinyongo. Isichoweza ni kusawazisha volti zinazopanda saa sita mchana jua likiwa kali na kushuka saa moja jioni kila mtu akiwasha jiko. Kurekebisha uwiano wake, fundi huzima laini, hufika kwenye kisanduku na kuzungusha swichi yenye nafasi chache. Ya elektroniki hurekebisha yenyewe, mara nyingi ndani ya wimbi moja.

Umbali nao hushusha volti. Mradi wa Last Mile wa kuunganishia watu stima, uliozinduliwa 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, kwa shilingi 15,000 badala ya 35,000. Mipaka ya namna hiyo ina fizikia nyuma yake: kadiri waya wa volti za chini unavyorefuka ndivyo volti zinavyoshuka njiani.

Je, wajua kwamba Kenya tayari ina jengo zima linalofanya kazi ya jamii hii, nyuma ya Milima ya Ngong ambayo watu wa Karen huiangalia kila asubuhi? Liko Suswa, ndani ya Bonde la Ufa. Laini ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500 hutoka Wolayta-Sodo nchini Ethiopia, kilomita 433 upande wao na 612 upande wetu, na inaweza kubeba megawati 2,000. Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia laini hiyo Novemba 2022. Pale Suswa swichi za elektroniki huugeuza mkondo mnyoofu kuwa geu na kuuingiza kwenye gridi ya taifa. Hata hivyo, pembeni ya swichi hizo zimesimama transfoma kubwa za mafuta, kwa sababu kwa volti na nguvu za kiasi hicho hakuna aliyefaulu kuzifukuza.

Turudi nguzoni. Volti 11,000 ni kati ya waya na waya. Kati ya waya na ardhi ni 6,350, na kilele cha wimbi hufika karibu 9,000. Transista ya kawaida ya silikoni au silikoni kabaidi inayopatikana madukani kwa bei ya kueleweka hustahimili 1,200 au 1,700, nawe huwezi kuifikisha ukingoni. Kwa hiyo wabunifu hupanga vipande kumi hivi kwa msururu katika kila awamu, kila kimoja kikibeba sehemu yake ya volti, na kuviunganisha sambamba upande wa chini. Awamu tatu, vipande thelathini. Kila kipande na transfoma yake ndogo, kapasita zake na ubongo wake.

Transista zenye kustahimili volti 10,000 na zaidi zimetengenezwa kwenye maabara, kwa silikoni kabaidi. Maada hii ni ya ajabu kidogo. Edward Acheson aliitengeneza Marekani miaka ya 1890 akaiuza kama unga wa kusugulia vyuma. Hadi leo iko kwenye msasa. Ikiwa asilia ni adimu mno duniani. Mfaransa Henri Moissan aliikuta mwaka 1893 ndani ya kimondo kilichoanguka Arizona. Uwezo wake wa kuzuia volti ni karibu mara kumi ya silikoni kwa unene ule ule, kwa hiyo tabaka huwa jembamba na joto hupungua. Tesla iliiweka kwenye gari lake la Model 3 mwaka 2017, na viwanda vya magari ndivyo vilivyoshusha bei yake. Watu wa gridi wanafaidi karamu ya wengine.

Siri nyingine ya ufanisi: usiwashe swichi ikiwa na volti mgongoni. Mwaka 1991 wahandisi De Doncker, Divan na Kheraluwala walichapisha sakiti yenye madaraja mawili ya swichi, moja kila upande wa transfoma ndogo. Ukichelewesha daraja moja kidogo nyuma ya jingine, nguvu inatiririka. Ukigeuza kuchelewa huko, inatiririka kinyume. Na kila swichi inapata sekunde yake ndogo ambapo volti zimeshuka hadi sifuri, ndipo inapowashwa. Karibu kila transfoma ya elektroniki unayosoma habari zake ina sakiti hiyo au ndugu yake.

Waya nao una shida yake. Katika hezi 50, mkondo huingia kina cha milimita 9 hivi ndani ya shaba. Katika hezi 20,000, hauingii hata nusu milimita. Shaba ya katikati unailipia bure. Hivyo waya hutengenezwa kwa mamia ya nyuzi nyembamba, kila uzi na rangi yake ya kihami, zikasukwa kama nywele ili kila mmoja upate zamu ya kukaa nje.

Je, wajua kwamba mwinuko wa Karen, takriban mita 1,800 juu ya bahari, ni tatizo la mhandisi? Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Hewa nyepesi hupoza vibaya, na pia cheche huivuka kwa urahisi. Viwango vya kimataifa hudai marekebisho kwa vifaa vinavyowekwa juu ya mita 1,000, yaani nafasi kubwa zaidi kati ya vyuma, au mzigo mdogo. Transfoma ya mafuta haiathiriki sana ndani kwa sababu vihami vyake vimezama. Ya elektroniki, ambayo imejaa hewa, inaathirika.

Halafu kuna miale ya anga za mbali. Nyutroni moja ikipiga transista iliyobeba volti nyingi inaweza kuiunguza papo hapo, bila onyo na bila uchakavu wowote wa awali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Ulaya, wakisumbuliwa na vifaa vilivyokufa bila sababu, walivishusha ndani ya mgodi wa chumvi. Huko chini vifo vikakoma, ndipo wakamjua mhalifu. Miale huongezeka kadiri unavyopanda juu. Afueni yetu ni ikweta: ugasumaku wa dunia hukinga zaidi huku kuliko kaskazini, kwa mwinuko ule ule.

Radi haina afueni. Kifaa cha laini ya volti 11,000 hupimwa kwa pigo la volti 75,000 au 95,000 kabla ya kukubaliwa. Karatasi na mafuta hulimeza. Transista za volti 1,700 zilizopangwa kumi haziwezi, na lazima zikingwe na vifaa vingine, ambavyo navyo vina bei na uzito.

Vivyo hivyo kwa shoti. Tawi la mkaratusi likiangukia waya Karen, na huanguka kila msimu wa mvua, transfoma ya kawaida hustahimili mkondo wa mara 20 na zaidi kwa sekunde mbili. Muda huo unatosha fyuzi kukatika. Transista huharibika ndani ya mikrosekunde zisizozidi 10, hivyo hujizima kwanza. Fyuzi haipati mkondo wa kuikata, na fundi hajui kosa liko wapi. Kubadilisha transfoma bila kubadilisha kinga zote zilizo chini yake ni kutafuta kesi.

Mbali na radi na miti, kuna wanyama. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana akaangukia transfoma. Megawati 180 zilipotea kwa pigo moja, mitambo mingine ikalemewa, nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona na kukabidhiwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Karen yenyewe, kwenye msitu wa Oloolua, ina taasisi ya taifa ya utafiti wa nyani na jamii zao, lakini ukingaji wa transfoma haumo katika kazi zake, kwa bahati mbaya.

Wezi wa binadamu hufuata mafuta. Transfoma za Kenya zimekuwa zikikamuliwa usiku, na vyombo vya habari vimeripoti mafuta hayo yakiuzwa kwa wakaangaji wa vibanda vya chipsi. Baadhi ya transfoma za zamani zina kemikali za PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm ulitaka ziondolewe kwenye vifaa kufikia 2025 na taka zake zishughulikiwe ipasavyo kufikia 2028. Transfoma ya elektroniki iliyopozwa kwa hewa au maji haina cha kukaangia viazi. Ina shaba na silikoni kabaidi, kwa hiyo mwizi atajifunza.

Treni ndizo zilizoijaribu transfoma ya elektroniki kazini mapema. Mwaka 2012 ABB na reli ya Uswisi waliifunga kwenye kichwa cha treni cha kupanga mabehewa, stesheni ya Geneva. Sababu ni kwamba reli yao hutumia masafa ya hezi 16.7, theluthi ya yetu, na transfoma ya masafa hayo ni jabali. Reli ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, hutumia kilovolti 25 kwa hezi 50, kwa hiyo hamu hiyo kwao ni ndogo.

Mnunuzi mwenye haraka zaidi sasa ni kituo cha kompyuta. Nvidia ilitangaza 2025 kwamba kuanzia 2027 mitambo yake mikubwa italishwa mkondo mnyoofu wa volti 800, na kampuni kadhaa zinakimbilia kumtengenezea kifaa cha kutoka laini ya kati hadi hapo kwa hatua moja. Microsoft na G42 walitangaza Mei 2024 mpango wa kituo cha dola bilioni 1 huko Olkaria, juu ya mvuke wa ardhini. Depo za mabasi ya umeme Nairobi zina hoja ile ile, kwa kipimo kidogo. Nguzo ya mtaani Karen, yenye mkondo geu juu na mkondo geu chini, iko mwisho wa foleni.

Na transfoma ya elektroniki ikiharibika? Wabunifu huongeza kipande kimoja au viwili vya akiba katika kila msururu. Kimoja kikifa, swichi hukipita pembeni, vingine hugawana volti zake na nyumba hazijui. Fundi huja kesho yake, huvuta droo, huchomeka nyingine. Transfoma ya mafuta ikiungua hushushwa kwa kreni, na mtaa hulala giza hadi mbadala ufike.